Bi Kazija Ame, Aliyetaka Watu Waulizwe Kwanza

Mwaka umetimia, dada Kazija, tangu Ijumaa ile tuliyokurudisha kwetu Uroa tukakuzika, na bado jioni tunatoa kikombe chako cha chai kabatini kabla ya kukumbuka.

Nnaandika mimi, Mwanakheir, mdogo wako. Mumeo, shemeji Mkadam, amekaa upande wa pili wa meza. Kila nikiandika jambo huniambia, "Sivyo hivyo," kisha hunyamaza, kwa sababu ndivyo hivyo. Wanao, Biasha na Usi, wametaka tuseme yote, hata kwamba ulikuwa hujui kuimba. Tumekubaliana. Waliokujua watacheka, na wasiokujua watapata kukujua.

Ulikuwa hujui kuimba. Uliimba ukichagua mchele, uliimba ukipiga pasi, na jirani yetu wa chini pale mjini, Kajificheni, akifunga dirisha lake taratibu, kwa adabu, usije ukasikia. Ulipenda kuweka punje ya karafuu shavuni hata ukiwa na wageni wakubwa, ukizungumza nao huku shavu limetuna kidogo. Ukiingia nyumba ya mtu hukusema kilichokupeleka mpaka umeuliza hali ya kila aliyemo ndani, na mbuzi aliyefungwa uani naye ukamuulizia. Watu wa mjini walikuona unachelewesha mambo. Watu wa shamba walikutandikia mkeka.

Wengi hawakuijua kazi yako. Uliporudi kutoka masomoni Ulaya, mwaka wa sitini na tano, kwetu Uroa walisikia kuwa Kazija binti Ame amekuwa daktari, wakakuletea watoto wenye homa. Uliwachukua hospitali wewe mwenyewe, kisha ukawaeleza wazee wao kwamba udaktari wako ni wa kusoma habari za watu, namna wanavyoishi na wanavyoamua mambo yao, si wa maradhi. Mama yetu, Bi Mwanamkasi, alisikitika kidogo. Miaka yote ile, na sindano hujui kupiga.

Siku zile wasomi wengi wa rika lako walikuwa wakiondoka. Wewe ulikuwa unarudi. Ulipoulizwa sababu ulisema nchi imegeuka, watu wanapanga maisha yao upya, na mtu aliyesomea maisha ya watu hana pahala pazuri zaidi pa kuwa. Hukuongeza neno, na siku zile kutoongeza neno nako kulikuwa akili.

Katika yote uliyoyafanya, tumechagua kusimulia habari ya vidonge. Wewe mwenyewe hukupenda kuisimulia nyumbani. Uliisimulia mbali sana, mbele ya watu usiowajua, na hapa kwetu wengine wanaisikia leo.

Mwaka uliofuata kurudi kwako, ulikuja mradi wa utafiti wa kichocho katika kijiji kimoja cha ndani, upande wa Mkokotoni. Watoto wa pale waliogelea katika mabwawa na wengi wao walikojoa damu, hata wazazi wakaona ndivyo mtoto anavyokua. Madaktari walileta dawa mpya ya vidonge. Mwanzo watu waliitikia. Baadaye wakaanza kuwazuia watoto majumbani, na maneno yakaenea kwamba vidonge vinafunga uzazi na damu inayotolewa kwa vipimo inauzwa. Mkuu wa mradi, daktari mgeni wa makamo, mtu mpole, akakuita akakuomba uende ukawalainishe watu. Ndilo neno alilolitumia.

Ulikwenda, ukakaa, ukasikiliza. Hukulainisha mtu. Siku ya kwanza hukuuliza lolote juu ya vidonge. Ulisaidia kumenya muhogo. Hapo ndipo mama mmoja kijana, Bi Tabia, alipokufungulia moyo. Alisema yeye hayaamini hayo ya damu kuuzwa. Kinachomsumbua ni kwamba mtoto wa dada yake amemeza vidonge na mkojo wake umesafika, na binti yake yeye, Mwatima, amemeza vidonge vya rangi ile ile, siku zile zile, na hali yake haikubadilika. Kila aliyemuuliza kwa nini, alitazama pembeni.

Ukarudi mjini ukamuuliza mkuu wa mradi swali lile lile. Yeye hakukuficha. Alikueleza kuwa nusu ya watoto wanapewa dawa, na nusu wanapewa vidonge vitupu vya unga, ili ijulikane kwa hakika kama dawa ndiyo inayoponya. Nani amepata kipi, hata yeye hajui, wala wauguzi hawajui; siri ile imefungiwa mpaka mwisho. Alisema ndivyo dawa zinavyopimwa duniani siku hizi. Ukamuuliza kama wazazi wanalijua hilo.

"Hawataelewa," alisema.

"Bado hawajaelezwa," ulimjibu.

Shemeji Mkadam anakumbuka ulivyorudi nyumbani siku ile. Hukuimba. Ulikuwa na hofu, na hofu yako ilikuwa ya pande mbili. Ukisema kweli, wazazi watawatoa watoto, mradi utafungwa, na dawa ambayo huenda inaponya itarudi ilikotoka, watoto wa watu waendelee kukojoa damu kwa ajili ya msimamo wako. Usiposema, basi utakuwa umewalainisha. Mkadam alikukumbusha kuwa kazi bado mpya na kwamba wakubwa hawapendi mtu wa kuwaletea mashaka. Hakukosea kukukumbusha. Wiki ile uliunguza wali, jambo ambalo hatukupata kuliona kwako.

Mwisho ulikwenda kwa mkuu wa mradi ukamwambia kuwa utarudi kijijini kwa sharti moja: wazazi waambiwe yote, na yeye awepo. La sivyo, atafute mwengine. Alikasirika. Alikuuliza kama unajua ni kazi ya miaka mingapi unayotaka kuiharibu. Lakini watoto walikuwa wanapungua kila wiki, na mradi usio na watoto si mradi. Akakubali, shingo upande.

Hapo ukatusumbua kwa maneno. Ulitaka Kiswahili cha mambo ambayo mwenyewe uliyasoma kwa lugha nyengine, na hukutaka maneno ya vitabuni. Mkadam, kwa ualimu wake, alipendekeza "vidonge vya kulinganishia". Ulisema hakuna mama atakayelibeba neno hilo mpaka nyumbani kwake. Ukachukua "vidonge vitupu". Tulibishana zaidi juu ya "ruhusa". Mimi nilisema ruhusa yatosha. Ukasema ruhusa hutolewa na mwenye amri. Unachokitafuta wewe hutoka kwa mwenye mwili, na jina lake ni ridhaa. Tangu siku hiyo hatukuweza kulisikia neno hilo, hata msikitini kwenye ndoa, bila ya kukufikiria.

Watu walikutana katika banda la skuli. Mwenyekiti wa tawi la chama, Bwana Pandu, alikuwa mtu mwema mwenye haraka, naye alitaka jambo liwe amri: dawa imeletwa, watu watakunywa. Ulimwamkia, ukamwomba kwa heshima zote akuachie kwanza uzungumze. Kisha ukaeleza. Ulieleza dawa, ukaeleza unga, ukaeleza siri iliyofungwa. Bi Tabia ndiye aliyeinuka.

"Wangu yuko upande upi?"

"Sijui, Bi Tabia. Na daktari naye hajui."

"Na nkimtoa?"

"Utamtoa. Hutoulizwa na mtu."

"Na nkimwacha, mkaja mkajua dawa ni nzuri?"

Ulimgeukia mkuu wa mradi ukamfasiria. Alisema watoto wote watapewa. Ukamwomba asikwambie wewe, amwambie Bi Tabia. Akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, uso kwa uso, na kina mama wakamsikia. Ndipo wao nao walipoweka sharti lao. Mtoto yeyote atakayezidiwa atolewe kwenye majaribio siku hiyo hiyo, siri yake ifunguliwe, atibiwe. Daktari aliona hesabu zake zitaharibika, akasita. Kina mama wakasubiri. Akakubali na hilo.

Baadhi waliwatoa watoto wao. Bwana Pandu alitaka majina yao. Ukamwambia hapana, kwa sauti ndogo, na jambo hilo likaishia hapo. Wengi walibaki. Bi Tabia alikwenda kwanza kuzungumza na mumewe, kisha akarudi akasema Mwatima atabaki.

Masika ile Mwatima alizidiwa. Uso ulimvimba, nguvu zikamwishia, akawa hawezi kwenda chooni peke yake. Mama mwengine angesema mtoto yuko kwenye dawa, tungoje ifanye kazi. Bi Tabia alijua kwamba huenda mwanawe anameza unga. Hakungoja. Alimbeba mgongoni kwenye matope mpaka barabarani, akapata lori la nazi lililomfikisha zahanati ya mradi, na alipofika hakuomba, alikumbusha ahadi. Siri ikafunguliwa. Ulikuwa unga. Walimtibu siku hiyo, na ingawa hali yake ilitutisha sote kwa muda, alipona.

Mkuu wa mradi alikukuta umekaa kwenye baraza ya zahanati na Bi Tabia, mnagawana ndizi. Alisema, ndivyo ulivyotusimulia, kuwa mama yule angelikuwa hakuambiwa kweli, angelingoja. Hakusema jengine, wala wewe hukumdai jengine.

Dawa ilionekana inasaidia, na watoto wote wakapewa, pamoja na wale waliotolewa mwanzo. Ulirudi kijijini na kuwasomea watu matokeo katika banda lile lile. Madaktari walidhani watu watachoka kusikiliza. Waliuliza maswali mpaka adhana ya magharibi.

Yule daktari ndiye aliyelitaja jina lako kwa wenziwe. Mwaka wa sitini na nane ulialikwa Jeneva, kwenye mkutano wa wataalamu wa nchi nyingi waliokaa kuzishauri serikali namna ya kufanya utafiti kwa watu wa nchi nyengine. Ruhusa yako ya safari ilichelewa mpaka tukakata tamaa, ikatoka begi lako lishafunguliwa. Ulikwenda na koti la kuazima lililonuka dawa ya nondo. Ulituandikia kwamba ndani ya ukumbi walijaa matabibu na wanasheria, wanawake wa kuhesabika, na kwamba mtu wa kusoma maisha ya watu walimwona kama mgeni aliyepotea njia akaingia harusini.

Profesa mmoja alisema huko vijijini mtu mmoja mmoja hana desturi ya kuamua. Yatosha kumwomba mkubwa wa kijiji, na mambo yamekwisha. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Ukaomba nafasi. Maneno yako tunayajua kwa sababu ulituandikia siku ile ile.

"Mimi nimezaliwa kijijini," uliwaambia. "Mkubwa wa kijiji chetu anaweza kuwapa ruhusa ya kuingia kijijini. Hawezi kuwapa mkono wa mwanangu."

Kisha ukawasimulia habari ya Bi Tabia na lori la nazi. Ukawaeleza kuwa kweli haikuua sayansi. Kweli ilimwokoa mtoto, na sayansi ikabaki pale pale. Ukawaomba waandike sentensi moja: mtu aulizwe kwa lugha anayoielewa, aweze kukataa bila ya kupata dhara, na matokeo arudishiwe mwenyewe.

Walikupigia makofi. Sentensi hawakuiandika.

Tulikuja kukupokea uwanja wa ndege, watoto wamevaa nguo za Idi. Ulishuka umechoka, umekonda. "Hadithi wameipenda," ulisema. "Sentensi ndiyo hawakuipenda." Tulidhani ndiyo mwisho. Wewe wiki hiyo hiyo ulianza kuwafundisha wasaidizi wa afya vijana namna ya kumuuliza mtu, Mwanakwerekwe na huko shamba. Uliwaigizisha, mmoja awe muuguzi na mmoja awe mama asiyetaka. Usi anasema aliyetakiwa kuwa mama ndiye aliyepata kazi ngumu, kwa sababu vijana wetu hawakuzoea kukataa. Wale wa Jeneva uliendelea kuwaandikia, mmoja mmoja, kwa upole na bila ya kuwaachia.

Mwaka wa sabini walikutana tena, na safari hii uliwakuta waliokungoja, wale uliokuwa ukiwaandikia. Sentensi ilipita, imefupishwa. Kuulizwa kwa lugha anayoielewa mtu, imo. Kukataa bila ya dhara, imo. Ile ya kurudishiwa matokeo waliikata. Ulirudi na furaha na hasira pamoja, ukaimba siku nzima, vibaya kuliko ilivyo kawaida yako, na ukasema kilichobaki utakifuata mkutano ujao.

Hukuufikia. Moyo wako ulikuwa mgonjwa muda mrefu na hukutwambia. Ulituuliza sote tunahisi nini, kila siku ya maisha yako, na mwenyewe ukanyamaza. Hilo, dada, bado tunakulaumu kidogo, kwa mapenzi.

Siku ya maziko Bi Tabia alifika Uroa kwa gari la shamba pamoja na Mwatima, ambaye sasa ni msichana mrefu wa kusoma darasa la juu. Walikaa na mama mpaka siku ya hitima. Mwatima ndiye aliyempikia uji, na mama, ambaye alikuwa amekataa chakula cha kila mtu, akaunywa.

Tunataka ujue na habari za mwaka huu. Biasha amekubaliwa masomo ya ualimu, ingawa maneno yake yote ni ya kuifuata kazi yako. Usi amerithi sauti yako, na sasa jirani wa chini ana wawili wa kuwavumilia, maana baba yake naye ameanza kuimba jikoni. Vijana uliowafundisha wametawanyika kisiwani. Mmoja wao ametwambia kuwa yeye na wenzake husoma matokeo vijijini, ingawa hawakuamrishwa na mtu.

Na mwezi uliopita walikuja Uroa. Watafiti wapya, wanatafuta habari ya homa, wanahitaji damu kidogo ya kila mtu mzima. Mimi nilikuwepo kwa mama. Walipiga hodi, wakaamkia, wakakaa chini kabla ya kukaribishwa viti. Kijana mmoja wa kwetu akaeleza kila kitu: damu inakwenda wapi, inatafutiwa nini, majibu yatakuja lini. Alieleza vizuri, dada, polepole, kama ulivyowafundisha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Na mtu akiwa hataki?" aliuliza.

"Basi hataki, bibi. Hana lawama."

Nilidhani mama atanyoosha mkono, kwa heshima yako.

"Sitaki," alisema.

Yule kijana alisema ahsante. Alimtakia afya njema, akafunga mkoba wake, akaamkia tena, wakatoka kwenda nyumba ya pili. Hakuna aliyenuna. Hakuna aliyekuja kumshawishi, wala aliyeulizia jina lake. Mama alibaki mlangoni akiwatazama mpaka wakakata kona, kisha akacheka, kicheko chake kile cha zamani cha kutikisa mabega, ambacho hatukukisikia tangu tulipokuzika. Nilimuuliza kinachomchekesha ni nini.

"Wameniuliza," alisema. "Na nimekataa, na wamekwenda zao."

Tunaokukumbuka ni mama yako, Bi Mwanamkasi, mumeo, Mkadam, wanao, Biasha na Usi, mdogo wako, Mwanakheir, wifi zako na shemeji zako wa mjini na shamba, na Bi Tabia na bintiye Mwatima, ambao wameomba waandikwe hapa pamoja na ndugu, nasi tumewaandika. Mwenyezi Mungu akurehemu na akupe makao mema. Kwetu sisi, siku zote tutakazoishi, hutosahaulika.